Mtambo wangu ulikuwa umejaa maji, haukukauka

Jana taa ya sebuleni kwetu Langoni iliwaka saa tatu mfululizo kwa haidrojeni niliyoitengeneza mwenyewe kwa maji na paneli ya sola. Mwezi uliopita haikumaliza dakika 10.

Mtambo wa kugeuza haidrojeni hiyo kuwa umeme ni mdogo, seli 12 zilizobanwa pamoja, elfu arobaini na ushee ukijumlisha na kuletewa mpaka Lamu. Umeme ulipokuwa ukishuka, kila niliyemuuliza alinijibu lile lile: "Utando umekauka, ongeza unyevu." Ni kweli utando, ile ngozi nyembamba iliyo ndani ya kila seli, ukikauka haupitishi protoni, yaani chembe za haidrojeni zinazovuka ili umeme upatikane. Lakini huo ni ushauri wa watu wa bara! Huku kwetu hata chumvi hushikana kikoponi. Nikawasikiliza hata hivyo, nikaipitisha gesi kwenye chupa ya maji moto kabla haijaingia. Dakika nne tu, taa ikazimika. Gesi ilikuja na mvuke, ikakuta seli zimepoa, mvuke ukawa matone, matone yakaziba vijia vya gesi.

Nilichofanya ni kufunga sindano mbili za kushonea kwenye ncha za mita, nikapima seli moja moja. Za katikati zote volti 0.65 hivi. Ya 12, ya mwisho kabisa: 0.2! Za pembeni hupoa upesi, kwa hiyo maji hutuama huko kwanza. Nikafungua vali ya kutolea gesi kidogo tu, mrija nimeutoa dirishani. Likaruka tone, kisha la pili, na namba ikapanda papo hapo: 0.4, 0.58, 0.61. Nilipiga ukelele, mama akaja mbio kutoka jikoni.

Gramu 1 ya haidrojeni ikiungana na oksijeni ya hewa huzaa gramu 9 za maji humo humo ndani, na mengine hupenya utando yakarudi upande wa haidrojeni. Chupa ya nini tena? Sasa vali naifungua nusu sekunde kila baada ya dakika moja, na mtambo nimeuinamisha, tundu la kutokea liwe chini.

Ukifungua vali na volti zisipande, hapo ndipo ushuku ukavu. Punguza feni inayoupulizia mtambo hewa, usubiri.

Na msiuweke darini upepo wa bahari ukaupiga. Sodiamu ya chumvi ikiingia kwenye utando hukalia nafasi za protoni, na hiyo haitoki kwa kufungua vali.

Seli ya 12 bado naipima kila jioni. Jana ilikuwa 0.63.