Nilivyopata picha za Tingatinga za kuweka kwenye asainmenti, nikiwa Bagamoyo

Asainmenti ilitaka tulinganishe michoro ya Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, yule ambaye mtindo huu umeitwa kwa jina lake, na ya wachoraji wa sasa, na kila picha iwe na maelezo kamili chini yake. Ukiandika hilo jina kwenye Google zinakuja picha mpaka unachoka, twiga, chui, ndege wa mikia mirefu, na karibu zote zimeandikwa Tingatinga tu. Ila nyingi ni za wanafunzi wake na waliokuja baadae, yeye mwenyewe kachora muda mfupi sana, kaanza 1968 pale Dar, akafariki 1972. Kwa hiyo picha inayosema ni ya kwake halafu mwaka ni 1980 unaiacha hapohapo, huna haja ya kwenda mbali.

Kilichonifungua macho zaidi ni mzee mmoja anayechora huku Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Nikamwambia shikamoo mzee, naomba unisaidie hizi picha kwenye simu, akaitikia marahaba mwanangu, akaikuza moja kwa vidole mpaka kwenye kona. "Unaona huu uzi? Hii turubai. Tingatinga alikuwa anachorea hadibodi, zile za silingi, na rangi za baiskeli." Kweli ukiikuza vizuri unaona nyuzi za kitambaa zimekatizana chini ya rangi, wakati hadibodi inakuwa laini, rangi inakaa juu yake inang'aa. Toka siku hiyo picha isiyokubali kukuzwa siitaki kabisa, maana huwezi kuikagua, utaamini tu ulichoambiwa.

Kwa hiyo nikawa nafanya hivi, nikiona picha nzuri naiweka kwenye TinEye au Google Lens nione imetokea wapi kwingine, mara nyingi unakuta ileile ipo sehemu kumi, moja imekatwa pembeni hadi sahihi ya mchoraji haipo, nyingine ndogo, nyingine imegeuzwa kushoto kulia. Natafuta ile kubwa na yenye ukurasa unaosema nani kachora, lini, kwa rangi gani, vipimo, na mchoro uko kwa nani. Ukurasa usiotaja vipimo wala mwenye mchoro mimi siuamini hata picha iwe inapendeza vipi. Na kama unaprinti, picha ya upana wa sentimita 15 inataka kama pikseli 1,800 kwa upana, chini ya hapo inaanza kuwa na ukungu.

Rangi nazo ziangalie sana jamani. Makumbusho ya Rijksmuseum ya Amsterdam waliona mchoro wao wa Vermeer, mchoraji wa zamani wa Uholanzi, yule mwanamke anayemimina maziwa, umejaa mtandaoni kwa nakala za njano njano mpaka watu wakawa hawaamini rangi halisi, wakaamua kutoa picha yao nzuri bure kwa kila mtu. Sasa kama mchoro maarufu hivyo unaharibiwa rangi, huyo chui wetu itakuwaje? Mimi nililinganisha nakala tatu nne kabla sijaandika neno lolote kuhusu rangi.

Haki ya kutumia pia naiangalia kabla sijapakua, bando lenyewe ghali. Wikimedia Commons wanaandika leseni chini ya kila picha, na makumbusho ya Metropolitan ya New York toka 2017 wameachia picha za kazi zisizo na hakimiliki tena, wanaweka alama ya CC0, hizo unatumia bila kuomba.

Za wachoraji wa sasa nikapiga mwenyewe, kwa ruhusa yao. Rangi ya kung'aa inarudisha mwanga vibaya sana, ukiwasha flashi unapata doa jeupe katikati ya twiga, kwa hiyo tukatoa mchoro nje ukae kivulini asubuhi, simu nikaishika sawa na katikati ya mchoro isije ikapinda, nikapiga mzima halafu kona ya sahihi peke yake, na nyuma pia. Mzee akashika futi tukapima. Chini ya picha nikaandika jina lake kama anavyotaka liandikwe, jina la mchoro, mwaka, rangi ya enameli juu ya turubai, vipimo, karakana yake Bagamoyo, na kwamba picha nimepiga mimi.