Kwa nini theluji ina pembe sita
Jana alasiri, mvua ya mawe ilipokuwa ikipiga mabati yetu hapa Kasarani, binti yangu alitoka na bakuli, akaokota punje chache na kuniuliza: "Baba, mbona hizi ni za mviringo, na theluji ya kitabuni ina pembe sita?"

Nilimweleza kwamba mawe hayo ni maji yaliyoganda tabaka juu ya tabaka huku upepo ukiyarusha juu ndani ya wingu, ilhali chembe ya theluji huanza na kitone kidogo mno kilichogandia punje ya vumbi, kisha hukua kwa mvuke unaogeuka barafu moja kwa moja. Molekuli za maji zikiganda hujipanga kwa umbo la pembesita, na kwa kuwa pembe hujitokeza nje na kukutana na mvuke mwingi zaidi, matawi huchipuka hapo.

Kilichonivutia mimi zaidi (yeye alikwisha kuchoka) ni kazi ya Ukichiro Nakaya, Mjapani aliyetengeneza chembe za theluji maabarani mwaka 1936, akizikuza juu ya unywele wa sungura, na kuonyesha kwamba umbo hufuata baridi na unyevu: karibu na nyuzi 2 chini ya sifuri hutokea vibapa, karibu na 5 sindano, na karibu na 15 zile nyota zenye matawi.

Nilipomaliza, bakulini mlikuwa na maji tu, na jani moja la mwembe.