Saba iliyokalia sita

Kutu ya shaba hujiandikia tarakimu zake. Ikodolee macho sarafu iliyoliwa kwa muda mrefu, utaona 3, utaona 8, na ukitaka 5 nayo utaipata. Jioni yote leo niko dirishani hapa Magomeni, lenzi ya fundi saa jichoni, nagombana na senti moja kubwa ya Marekani, ya shaba tupu.

Mwaka ni 1807, hilo halina ubishi. Kinachonisumbua ni ile 7. Enzi hizo kiwanda cha sarafu cha Philadelphia kilitengeneza kwa mkono mihuri ya chuma ya kugongea sarafu, tarakimu zikigongwa moja moja. Muhuri wa mwaka uliopita ukibaki mzima, nani autupe? Waligonga namba mpya juu ya ile ya zamani, kazi ikaendelea. Ndiyo maana zipo senti za 1807 zenye 6 chini ya 7, za 1811 zilizokuwa 1810, na za 1823 ambazo 3 imekalia 2.

Sasa, 6 ina tumbo chini, na 7 huko chini ina mguu tu. Tumbo hilo, kama lipo, lazima lichungulie kandokando ya mguu. Kwenye hii, kushoto kuna kipinde chembamba. Moyo ulinidunda.

Nikazima taa ya dari, nikalaza tochi ya simu mezani na kuizungusha sarafu taratibu. Alama iliyotoka kwenye muhuri huwa imeinuka, kivuli chake huanguka mbali na taa. Shimo la kutu ni kinyume: kivuli hukaa upande wa taa. Kipinde changu juu kimeinuka, chini ni shimo. Na hata hicho kilichoinuka huenda ni ganda tu la kutu, maana hewa ya chumvi ya mji huu huipa shaba unga wa kijani mpauko usiokwisha.

Mwenye mali, mzee wa mtaa wa pili, ana dawa yake: "Mwanangu, isugue na ukwaju, itang'aa sasa hivi." Shikamoo mzee, lakini hapana. Ukwaju, ndimu, majivu, vyote vitaondoka na hicho kipinde chenyewe.

Halafu nakumbuka nusu senti ya 1809. Iliitwa 9 juu ya 6 miaka nenda miaka rudi, kumbe iliyo chini ni 9 iliyogongwa kichwa chini miguu juu. Na hiyo haikuwa hata na kutu ya kusingizia!

Kwa hiyo tarakimu peke yake siiamini. Mihuri ya mkono haifanani, kwa hiyo nalinganisha na senti zinazojulikana kuwa na 6 chini: 7 iko umbali gani na kifua cha mwanamke aliyechorwa kwenye sarafu, na upande wa pili ncha ya kila jani la shada imeelekea herufi gani. Majani ni makubwa, huvumilia kutu kuliko mwaka. Tatizo, upande huo umefunikwa na ganda. Nimeiloweka kwenye maji ya kuongezea betri (si asidi, uliza vizuri dukani), nitayabadilisha kila siku na kumegua ganda kwa kijiti cha meno.

Mzee ameshatuma ujumbe, anataka bei. Bei ya 1807 nampa kesho. Bei ya 6 itangoja majani.