Leaf kwenda Naivasha: usiamini namba ya dashibodi

Wenye mnaniuliza kama Nissan Leaf, ile gari ya umeme, inaweza toka Nairobi ifike Naivasha, inafika, lakini ile namba ya kilomita zilizobaki kwa dashibodi msiitegemee. Yangu ni ya zamani, betri ya 24 kWh, na baa za afya ya betri zimebaki 9 kati ya 12, sasa kupanda mpaka Limuru chaji inaisha mbio hadi nazima AC, halafu ukishuka eskapimenti ya Mai Mahiu unaachilia pedeli gari inajichaji yenyewe, asilimia zinapanda ukiona, raha sana! Kwa chaja ya haraka, ondoka betri ikifika asilimia 80, hapo juu inachaji polepole sana. Na pigeni simu kwanza kwa kituo cha kuchajia muulize kama wana plagi ya CHAdeMO, ile aina ya plagi ya chaja ya haraka ya Leaf kama yangu, vituo vingine vina CCS tu, aina ingine ya plagi, na haiingii kwa Leaf kama hii.