Kumbukumbu ya mradi wangu: kukifundisha kutambaa kigari cha mbio

Machi 9

Belti imeungua. Harufu haijatoka kwenye jaketi, na mke wangu ameamua jaketi lilale gereji pamoja na kigari.

Kwa anayeanza kusoma leo: nilizaliwa Moshi, naishi Salt Lake City, Utah, na tangu mwaka jana nina saidi-bai-saidi (kigari cha wazi cha magurudumu manne cha kwenda nje ya barabara, watu wakikaa ubavu kwa ubavu) ya mtumba ya mwaka 2016, viti viwili, injini cc 999. Kampuni siitaji, maana wapenzi wa mashine hizi hubishana kama Simba na Yanga. Aliyeniuzia alikuwa akikikimbiza kwenye vilima vya mchanga. Mimi nataka kutambaa nacho kwenye miamba ya Moab, mwendo wa saa nne kutoka hapa, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Belti niliiunguza mwenyewe. Nilikuwa napanda kingo za mawe kwenye gia ya H, ya mwendo wa kasi, kwa sababu tu nilisahau kuweka L, ya mwendo wa taratibu wenye nguvu. Ndani ya kigari kama hiki kuna puli mbili na belti ya mpira kati yake. Puli ya injini ina nusu mbili. Injini ikizunguka kasi, vizito vilivyomo ndani vinazisukuma zikutane na kuibana belti. Injini ikienda taratibu, mbano unakuwa mdogo. Sasa tairi likigota kwenye jiwe ukiwa H, puli inazunguka, belti imesimama, na joto lote linakula sehemu moja ya mpira. Nilipoifungua niliona pamelika kiuno, kama nyigu. Ukiwa L, kwa mwendo uleule wa tairi, injini na puli zinazunguka kasi zaidi, basi belti inabanwa sawasawa.

Kuna kigari kingine cha aina hii, Honda Talon, hakina belti, kina klachi mbili na gia za chuma. Nimekiangalia bei, nikarudi kwenye belti yangu.

Machi 23

Belti mpya imeingia, na ya akiba iko chini ya kiti pamoja na spana zake. Nimeweka pia kipimo cha joto kwenye boksi la belti. Kikifika nyuzi 90 nasimama, injini ikiwa inaunguruma bila mzigo ili feni ya puli isukume hewa.

Swali lililonisumbua ni tairi. Nilizokuta ni za inchi 29. Kila mtu anakwambia weka 32, kigari kinainuka na kinapendeza. Kinainuka kweli, lakini tairi kubwa ni sawa na kuongeza gia: mzunguko mmoja unakwenda mbali zaidi, injini inabeba zaidi, na anayelipa ni belti. Nimeishia 30, zenye kuta ngumu. Rimu nimechukua zile zenye pete ya boliti inayobana ukingo wa tairi, ili nikipunguza upepo lisichomoke pembeni.

Aprili 13

Siku nzima mgongoni, chini ya kigari.

Ngao ya zamani ya alumini, inayokinga tumbo la kigari, imetoboka karibu na difu. Nimefunga plastiki nene ya nusu inchi, inafanana na ubao wa kukatia nyama. Mwanzoni niliidharau. Lakini alumini ikilalia jiwe inang'ang'ania, plastiki inateleza. Gharama yake ni uzito, na kufungua oili sasa ni ibada.

Nyuma kuna vyuma vinavyoishika hab (kitovu cha gurudumu) isiyumbe, na vile vya chini vilikaa mahali ambapo kila jiwe lingevigonga. Kimoja kilishapinda kama upinde. Nimenunua vilivyopindwa makusudi kuelekea juu. Ni kitu kidogo, kimeniuma mfukoni kuliko rimu.

Injini sijaigusa. Rafiki zangu wanashangaa.

Mei 4

Moab. Upepo wa tairi nimeushusha kutoka psi 18 hadi 11. Sheria ya Utah tangu 2023 inamtaka dereva wa vigari hivi awe na cheti cha kozi fupi ya intaneti. Changu ninacho kwenye simu. Tuliingia Hell's Revenge, njia ya magari inayopita juu ya miamba, mapema, kabla jua halijakaza.

Wazungu waliuita mwamba huu "slickrock", yaani unaoteleza, kwa sababu kwato za farasi zenye vyuma ziliteleza. Mpira unaushika ajabu, ukiwa mkavu. Njia imechorwa alama za miali ya moto kwenye jiwe, nawe huruhusiwi kutoka pembeni: ule udongo mweusi wenye vinundu ni kitu hai, na alama ya tairi juu yake hukaa miaka mingi.

Aliyeniongoza kwa miguu ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu.

"Kushoto, shemeji! Kushoto kwako, si kwangu!"

Tangu hapo tumekubaliana: hakuna maneno, mikono tu, na ngumi iliyofungwa maana yake simama. Kupanda kulikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Mguu wa kushoto kwenye breki, wa kulia kwenye mafuta, vyote kwa pamoja, tairi linakanyaga jiwe badala ya kulirukia. Kipimo cha joto la belti hakikuvuka 75. Mara moja tu kigari kilinyanyua tairi la nyuma, nami mkono ukataka kutoka nje kushika mwamba. Nyavu za mlangoni zikaurudisha. Paa la vyuma likiangukia kiganja, hakibaki kiganja.

Hell's Gate, sehemu ngumu ya njia hiyo ambayo si lazima kuipita, tuliitazama kwa macho, tukala chapati, tukapita njia ya pembeni.

Mei 6

Tatizo lililobaki ni kushuka. Nikiachia mafuta, puli inafunguka, belti inalegea, na kigari kinateremka chenyewe kama toroli. Nilishuka kwa breki tupu, na leo pedi za mbele zimebaki unene wa kadi ya simu. Nimeagiza nyingine. Kuna klachi ya puli inayozuia hilo, bei yake naijua, na mke wangu bado haijui.