Yairo, Subiri Kidogo

Somo: Marko 5:21–43

Wapendwa, Bwana asifiwe. Juma hili zamu ya kuandika imeniangukia, nami nimechagua habari ambayo kwa muda mrefu nilikuwa nikiisoma huku nimekunja uso. Wengi wenu mnaisoma kama waumini. Mimi naisoma kwanza kama muuguzi, na muuguzi huyo alikuwa na neno na Bwana Yesu.

Tazameni mambo yalivyo. Yairo, mkuu wa sinagogi, ameanguka miguuni pa Yesu. Binti yake wa miaka 12 yuko mahututi. Yesu anaondoka naye, umati unawasonga. Njiani mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12 anagusa vazi lake, na damu inakatika papo hapo. Basi si waendelee na safari? Mama ameshapona! Lakini Yesu anasimama. Anauliza ni nani aliyemgusa, anaangaza macho huku na huku, anangoja mpaka yule mama ajitokeze akitetemeka na kumweleza, asema Marko, "kweli yote". Mwenye kuchukua historia za wagonjwa anajua kweli yote ya miaka 12 inakula muda gani. Wakati wote huo Yairo amesimama kando, na mtoto wake anakata roho.

Hospitalini wagonjwa wa dharura hupangwa kwa rangi. Mwekundu haguswi na foleni, anaingia moja kwa moja. Wa manjano anangoja kidogo. Wa kijani anaambiwa akae benchini. Binti ya Yairo ni mwekundu, hapo hakuna mjadala. Mama aliyeishi na ugonjwa wake miaka 12 si wa kufa leo. Muuguzi wa zamu akifanya alivyofanya Yesu, asubuhi ataletewa barua ya kujieleza.

Kuna jambo jingine tunalofundishwa, nalo halikai vizuri na hizo rangi mpaka ulione kwa macho. Anayepiga kelele ana pumzi. Ukiingia chumba chenye wagonjwa kumi, macho yako yaende kwanza kwa aliyenyamaza.

Nililiona hilo usiku mmoja wa masika katika hospitali ndogo upande wa Nyando, kaunti ya Kisumu. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima, na wanaozijua nyanda za Kano wanajua mto ukivimba barabara inakuwaje. Usiku ule nilikuwa muuguzi mmoja kwa wodi ya wazazi na wodi ya watoto. Sitazungumzia kwa nini ilikuwa hivyo, nikianza sitamaliza na hii ni tafakari.

Mama mmoja alikuwa amejifungua vizuri kabisa. Mtoto alilia, nikamchoma oksitosini yuniti 10, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, kama inavyotakiwa, kondo la nyuma likatoka. Bibi yake, ambaye wodi nzima ilimwita dani, yaani nyanya kwa Kijaluo, alikuwa ameshaanza kupiga vigelegele vya chinichini mlangoni. Mama mwenyewe alilala ametulia, akitabasamu kidogo. Hakulalamika hata mara moja.

Chini yake tulikuwa tumetandika ile plastiki yenye mfuko wa kukingia damu, iliyochorwa mistari ya mililita. Zamani tulikisia kwa jicho, na jicho la muuguzi mchovu hukisia pungufu. Damu iliyonywewa na shuka huonekana kama si kitu. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Pale damu ilipopimwa kwa mfuko huo, na matibabu yote yakatolewa kwa mkupuo bila kungoja moja lishindwe ndipo jingine lijaribiwe, akina mama waliofikwa na madhara mabaya ya kuvuja damu, ikiwemo kifo, walipungua kwa asilimia 60. Plastiki yenye mistari, wapendwa. Mimi husifu Mungu kwa vitu vya namna hiyo, ingawa sijawahi kusikia mtu akisimama kanisani kuvitolea ushuhuda.

Nilipoinama kutazama, damu ilikuwa imepita mstari wa 500 na bado inapanda. Nikamtazama usoni. Tabasamu lilikuwa limeondoka, midomo imepauka. Nikamwita, akaitika polepole kama mtu aliye chumba cha pili.

Mengine yalikwenda kama mikono ilivyofunzwa. Kusugua tumbo ili mfuko wa uzazi ukaze. Dripu mkono huu, dripu mkono ule. Dawa ya kugandisha damu, ile inayofaa ndani ya saa tatu za kwanza baada ya kujifungua. Katheta ya mkojo. Kukagua kondo upya chini ya taa, na hapo ndipo nikaona ukingo mmoja umechanika. Kipande kilikuwa kimebaki ndani. Nilikifuata kwa mkono, kikatoka, lakini damu haikukoma mara moja, kwa hiyo nikabaki nimekunja ngumi ndani na kubana tumbo kwa mkono wa pili kutoka juu. Ukishika hivyo huwezi kuachia. Mkono unakufa ganzi, bega linawaka, nawe umesimama palepale.

Ni wakati huo baba mmoja alipotokea mlangoni. Mtoto wake alikuwa wodi ya pili na malaria kali. Sindano ya dawa alikuwa amepata, sasa alikuwa anangojea damu kutoka Kisumu. Baba akasema, "Sista, mtoto anatetemeka. Njoo."

Nikamwambia, "Baba, subiri kidogo."

Hakunijibu. Aliangalia sakafu, akaangalia mikono yangu, akabaki amesimama. Nimeziona nyuso nyingi za wanaume zikiwa na hasira, na hiyo ningeiweza. Uso wake haukuwa na hasira. Alikuwa ameelewa.

Marko haandiki neno hata moja la Yairo wakati Yesu amesimama na yule mama. Hamsihi, hamvuti mkono. Nilikuwa nikidhani mwandishi amemsahau. Sasa naamini alisimama vile vile, akiangalia chini.

Baada ya usiku ule nilirudi kwenye sura hii, nikamwona mwanamke wa Marko kwa macho mengine. Yairo ana cheo, ana jina, ana sauti, na amesema haja yake mbele ya watu wote. Mwanamke hana hata jina. Kwa sheria ya Walawi 15, damu yake ilimfanya najisi, na kila aliyemgusa alikuwa najisi hadi jioni. Kwa hiyo kwa miaka 12 alijifunza kupita kando na kunyamaza. Hata uponyaji aliutafuta kwa nyuma, bila kutamka neno. Angeondoka vile vile, mwili mzima na mdomo umefungwa, na hapana mtu mjini ambaye angejua kwamba sasa anaweza kushikwa mkono. Yesu alimwona wa kimya katikati ya kelele zote zile, akasimama hadi aseme mwenyewe, mbele ya umati, kisha akamwita Binti. Neno hilo hilo Yairo alikuwa amelitumia kwa mtoto wake.

Swali la Yairo bado lipo, nami silifuti. Wakati Yesu angali anasema, watu walifika na habari kwamba mtoto amekwisha kufa, ya nini kuendelea kumsumbua Mwalimu. Bwana hakueleza kwa nini alichelewa. Alimwambia tu, "Usiogope, amini tu," akaendelea kutembea naye. Kwangu mimi maelezo yangekuwa afadhali. Lakini niliyebanwa na mgonjwa mmoja huku wa pili akiniita nimepata kitu cha kushika katika hiyo safari yao ya kimya: Yeye aliyesimama kwa ajili ya mmoja hakuwa ameghairi kwenda kwa mwingine. Mimi nina mikono miwili, na usiku ule yote miwili ilikuwa kwa yule mama. Yule mtoto hakuwa mikononi mwangu kamwe kwa namna niliyodhani.

Mlinzi wa lango alikuwa amesikia. Hakutumwa na mtu. Alikimbia kwenye mvua hadi nyumba ya afisa wa kliniki, akagonga dirisha, na afisa akaja na viatu vya kuogea akamhudumia mtoto. Hayo niliyajua alfajiri. Ambulensi ilikuwa imefika na damu, mama amepata chupa yake, mtoto amepata yake.

Sitaki mtu asome haya akadhani ndivyo inavyokwenda siku zote. Ziko zamu ambazo mlinzi hakusikia, na wako akina Yairo waliorudi nyumbani na blanketi tupu. Na hao pia niliwaambia wasubiri kidogo.

Niseme na hili, maana linanikera. Katika shuhuda zetu tumezoea kusema "madaktari walishindwa, Mungu akatenda". Marko naye hakutuhurumia, anaandika kwamba yule mama aliteswa na matabibu wengi, akamaliza mali yake na hali ikazidi kuwa mbaya. Luka, ambaye Wakolosai 4:14 inamwita tabibu mpendwa, anasimulia habari hiyo hiyo na hilo la hali kuzidi kuwa mbaya halitaji. Nacheka kila nikifika hapo. Mtu analinda wenzake wa kazi! Usiku ule dani alikuwa akiomba mlangoni bila kukoma, "Ruoth Nyasaye, Ruoth Nyasaye," yaani Bwana Mungu, na ngumi yangu ilikuwa mahali ilipotakiwa, na sikuona kwamba mmoja alikuwa akimpunguzia mwenzake sifa. Mimi mwenyewe sikuomba. Sikuwa na pumzi ya kuombea. Dani aliniombea sehemu yangu.

Kwa juma hili naomba mambo mawili. Kwanza, tuwaombee walio zamu za usiku, na walinzi wa malango mkiwakumbuka. Pili, damu. Sehemu kubwa ya damu yetu hutolewa na wanafunzi wa sekondari, kwa hiyo shule zikifungwa majokofu hubaki matupu, wala mfuko mmoja hauhifadhiki zaidi ya majuma machache. Mwenye afya njema na kilo 50 au zaidi anaweza kutoa. Ni nusu lita kasoro, na baadaye unapewa soda.

Mtoto wa Yairo alipoinuka, watu wote walishikwa na mshangao mkubwa. Ni Yesu peke yake aliyekumbuka kwamba ana njaa, akaamuru apewe chakula. Agizo hilo nalijua, ndilo tunaloandika kwenye faili asubuhi mgonjwa akishavuka: aanze kula. Saa moja kasoro dani alikuja na chupa ya uji wa wimbi. Alimmiminia mjukuu wake kikombe, akavuka hadi wodi ya watoto akampelekea yule baba cha pili, kisha akaniuliza mimi nimekula nini tangu jana.