Kioo kilichonitia adabu

Mtu akikwambia dawa ya kioo cha gari ni gazeti, muulize kwanza: mara ya mwisho yeye kurudi mjini kutoka Paje alasiri ilikuwa lini? Mie gazeti nimelisugua mpaka vidole vikawa vyeusi kama vya muuza makaa, na michirizi ikabaki pale pale inanitazama.

Kazi yangu ni kubeba wageni hapa Unguja. Asubuhi nawapeleka Paje au Jambiani, yaani naelekea mashariki na jua liko usoni. Alasiri narudi, na jua nalo limeshahamia magharibi, liko usoni vile vile. Wenzangu wa njia ya Nungwi hawaijui adhabu hii. Jua likikipiga kioo chenye michirizi, mbele yako panakuwa kama pametundikwa shuka jeupe. Pale msitu wa Jozani pana matuta yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju wanaovuka barabara. Siku moja tuta la kwanza nimelijua kwa ukelele wa mgeni aliyekaa nyuma.

Nikaanza kuuliza, na kila niliyemuuliza alikuwa mganga. Kijana anayeosha magari akasema sabuni ya unga na mkono mzito. Shemeji yangu akasema dawa ya meno, nikamaliza chupa nzima, na kwa wiki mbili weupe ukawa unatoka kwenye mpira wa waipa kila nikiiwasha. Ami yangu wa Pemba akasema kiazi mbatata, ukate vipande viwili usugue. Hicho sikidharau, maana mvua ikinyesha maji kweli yanatandaa vizuri. Lakini jua likitoka ule wanga unakauka, na sasa una kioo chenye mbatata.

Aliyeniponza hasa ni fundi mmoja wa Mwanakwerekwe. Alinishika bega kabisa: "Mafuta ya taa, sheikh wangu. Ndani na nje." Siku hiyo nilikuwa na wageni wawili wa kuchukua Bwejuu usiku, wanawahi ndege. Nikapaka kwa raha zangu, nikafuta, kioo kikang'aa, nikakizunguka kama bwana harusi. Kwenda kulikuwa salama. Kurudi, tumefika Tunguu, mvua ya vuli ikashuka. Waipa ya kwanza ikachukua mafuta, ya pili ikayatandaza, na kila taa ya gari inayokuja ikawa taa sita. Nikapunguza mwendo mpaka baiskeli ikanipita. Mwisho nikashusha kioo cha pembeni, nikaendesha kichwa kiko nje, kanzu imerowa, huku mgeni wa kike amejifunika pua na mtandio. Ndege waliiwahi, namshukuru Mungu. Nilipofika nyumbani mke wangu alifungua mlango wa gari, akanusa, akasema, "Gari yako inanuka koroboi."

Kilichonifungua macho ni kitu kidogo sana, na najisifu kwacho kwa sababu sikuambiwa na mtu. Nilikuwa nafuta tu kwa hasira, nje kwa kulala, kushoto kwenda kulia; ndani, kwa vile mkono hauzunguki vizuri juu ya dashibodi, nikafuta kwa kusimama, juu kwenda chini. Kesho yake jua lilipopiga nikaona michirizi yote imesimama wima. Yote! Miezi mingapi naosha upande wa barabarani, kumbe uchafu nimepanda nao ndani.

Na huo uchafu nimeutia mwenyewe. Kila Ijumaa nilikuwa napaka dashibodi mafuta ya kung'arishia, wageni waone gari mpya. Jua likiichemsha gari mchana kutwa, mafuta yale yanapanda na kutulia kwenye kioo. Juu yake ongeza udi. Mke wangu huifukiza gari kila wiki, milango imefungwa, chetezo kiko chini ya kiti, na moshi wa udi una unato wake. Nilipomwambia akanitazama. "Baba Nasra, udi huu umefukiza nyumba na nguo zako miaka yote. Leo ndio umekuwa mchawi wa kioo?" Tumeafikiana: chetezo sawa, ila vioo vya pembeni viwe wazi. Mafuta ya dashibodi nimemgaia jirani nisiyempenda sana.

Sasa ndani natumia spiriti ile ya kusafishia vidonda, ya duka la dawa, nimeipunguza kwa maji. Bei yake elfu chache tu, sikumbuki. Milango naiacha wazi, maana harufu inapanda kichwani, na kitambaa ndicho kinachorowa, simwagi kwenye kioo ikadondokea dashibodi. Kitambaa cha kwanza kilitoka na rangi ya chai ya mkandaa. Kitambaa cha pili kikavu, papo hapo, kabla ya kukauka. Vitambaa ni vile vya manyoyanyoya vinavyouzwa Darajani. Vifue kwa sabuni tupu, usitie dawa ya kulainisha nguo, ukitia unarudisha mafuta kule kule. Mwanzo nilichukua kipande cha kanga kwenye kamba, laini, nikasema hiki hiki. Kumbe ndicho mke wangu anachojifungia kichwa akishapaka mafuta ya nazi. Sina la kusema.

Nje nako kulikuwa na lake. Maji ya kisima chetu yamepita kwenye jiwe la matumbawe, yana chokaa. Yakikauka juu ya kioo yanaacha madoadoa meupe ambayo sabuni haiyawezi. Siki nyeupe nusu, maji nusu, kitambaa kilichorowa nakilaza juu ya madoa dakika tano hivi. Maji ya kumalizia ni ya mvua, nayakinga batini, hayaachi alama. Na mpira wa waipa nao ufute kwa spiriti, utaona unavyotoka mweusi.

Haya yote kabla jua halijakolea, kivulini. Kioo kikiwa cha moto dawa inakauka kabla hujageuza kitambaa. Lakini kivuli cha ukuta, si cha mwembe. Nilijaribu cha mwembe, utomvu ukadondoka nikiwa nimeshamaliza.

Wiki ya pili shemeji, huyu wa dawa ya meno, alipanda gari mpaka Kitogani. Akagusa kioo kwa kidole, nikamfokea. Akaniuliza hiki kipya nimefungiwa na fundi gani. Nikamwambia yupo mmoja, ila ana kazi nyingi.